Kuishi Doha: makazi ya mwajiri au posho ya nyumba?

Al Sadd ni mtaa ulio katikati ya Doha, mji mkuu wa Qatar, kandokando ya barabara ya C-Ring. Wapenzi wa kandanda wanaujua kwa sababu ya klabu yenye jina hilo, iliyoasisiwa mwaka 1969. Kwa Mkenya, Mganda au Mtanzania anayefanya kazi hotelini, dukani au katika ulinzi, jina la Al Sadd lina maana ya ziada: ni miongoni mwa mitaa ambako mtu aliyepewa fedha badala ya makazi huenda kutafuta nafasi ya kitanda.

Uamuzi wenyewe mara nyingi hufanyika mbali na Doha. Hufanyika Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, mbele ya mkataba ambao haujatiwa saini. Mikataba mingine hueleza kwamba mwajiri atatoa makazi. Mingine husema atalipa posho na mfanyakazi ajitafutie mwenyewe. Wengi hupitisha macho juu ya kifungu hicho wakitafuta tarakimu ya mshahara.

Kisheria, pande hizo mbili zimepewa thamani. Sheria namba 17 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika kikamilifu Machi 2021, iliweka kima cha chini cha mshahara wa msingi kuwa riyali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asiyetoa makazi ya kufaa hulazimika kuongeza riyali zisizopungua 500, na asiyetoa chakula huongeza 300. Kwa kuwa dola moja ya Marekani ni sawa na riyali 3.64, posho hiyo ya nyumba ni takriban dola 137. Ni kiwango cha chini tu, na hakuna kinachomzuia mtu kudai zaidi kabla ya kusafiri. Akishafika, nguvu ya kudai hupungua sana.

Riyali 500 hazikodi fleti Al Sadd, wala chumba cha mtu peke yake. Kinachopatikana ni kitanda katika chumba cha watu kadhaa, pengine ndani ya nyumba iliyokatwakatwa kwa mbao ili ijaze wapangaji wengi. Faida yake ni mahali. Treni ya chini ya ardhi ya Mstari wa Dhahabu, iliyofunguliwa Novemba 2019, ina kituo Al Sadd, na nauli ya kawaida ni riyali 2. Maduka yako karibu, na hakuna msimamizi wa kuuliza mtu amerudi saa ngapi.

Makazi ya mwajiri, hasa kwa kampuni kubwa, huwa nje ya mji, upande wa Eneo la Viwanda, na wafanyakazi husafirishwa kwa basi la kampuni. Kanuni za mwaka 2014 zinataka kila mfanyakazi apate angalau mita 6 za mraba, chumba kisizidi watu wanne, na vitanda vya ghorofa visitumike. Utekelezaji wa kanuni hizo ni habari nyingine. Hata hivyo, anayeishi huko halipi kodi wala umeme, na mshahara wa msingi hubaki mzima. Kwa mtu mwenye deni la wakala na karo ya watoto, hilo si jambo dogo.

Hesabu hiyo ya fedha ndiyo inayozungumzwa zaidi. Lakini kuna jambo zito zaidi.

Nchini Marekani, watu wanaoishi mwaka mzima katika nyumba za magurudumu hubishana juu ya swali linalofanana na hili. Wapo wanaonunua gari ambalo ndani yake mna nyumba, na wapo wanaonunua nyumba ya kukokotwa na gari jingine. Injini ya gari la kwanza ikiharibika, familia nzima hukosa pa kulala hadi fundi amalize kazi. Katika mpango wa pili, gari huenda gereji na nyumba hubaki palepale. Makazi ya mwajiri ni nyumba yenye injini ndani yake: kazi ikisimama, kitanda nacho huondoka.

Hilo lina uzito wa pekee tangu mageuzi ya mwaka 2020, yaliyomruhusu mfanyakazi kubadili kazi bila idhini ya mwajiri wake. Sharti ni kutoa taarifa: mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi miaka miwili au chini ya hapo, miezi miwili kwa aliyezidi. Katika muda huo, anayeishi kwa mwajiri hulala chini ya paa la mtu anayemkimbia. Wafanyakazi wa nyumbani, ambao kwa kawaida huishi kwa waajiri wao, wanalijua hilo kuliko wengine.

Je, posho ndiyo salama? Matukio mawili yanatoa majibu yasiyolingana. Machi 2020, baada ya virusi vya corona kuenea, mamlaka zilifunga sehemu ya Eneo la Viwanda, na maelfu ya wafanyakazi wakazuiwa kutoka katika makazi yao ya msongamano. Mtu aliyekuwa na kitanda mjini aliepuka kizuizi hicho. Kisha Oktoba 2022, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba majengo zaidi ya kumi katikati ya Doha, mengi yakiwa Al Mansoura, yalikuwa yamehamishwa wakazi wake kutoka Asia na Afrika. Katika jengo moja wakazi walisema walipewa saa mbili kuondoka. Serikali ilisema hatua hiyo haikuhusiana na mashindano, bali ni mpango wa kupanga upya maeneo ya mji, na kwamba taarifa ilitolewa ipasavyo. Wengi walioondolewa walikuwa madereva, vibarua na watu waliojitafutia makazi wenyewe.

Udhaifu wa kitanda cha mjini uko katika karatasi. Sheria namba 15 ya mwaka 2010, iliyokazwa kwa marekebisho ya 2019, inakataza makazi ya vikundi vya wafanyakazi ndani ya maeneo ya familia. Aidha, mkataba wa kupangisha hupaswa kusajiliwa, na mpangaji haruhusiwi kupangisha tena bila idhini ya mwenye nyumba. Anayelipia kitanda kwa mtu aliyeshika fleti mara nyingi hana chochote mkononi isipokuwa ujumbe wa simu. Siku maofisa wanapobisha hodi, ujumbe huo haumsaidii.

Kwa hiyo, anayechagua posho afadhali ajue kwanza jina la nani limeandikwa katika mkataba wa fleti, na kama mkataba huo umesajiliwa. Anayechagua makazi ya mwajiri naye aulize, kabla ya saini, atapewa siku ngapi za kukaa baada ya ajira kwisha, na jibu liandikwe. Ahadi ya mdomo ya wakala haihesabiki.

Pande zote mbili zina wajibu mmoja usiokwepeka. Chini ya Sheria ya Anwani ya Taifa ya mwaka 2017, kila mkazi husajili mahali anapoishi, akitumia namba za eneo, mtaa na jengo zilizo kwenye kibao cha buluu ukutani. Akihama kitanda, hata kama ni kuvuka barabara tu, anwani hiyo nayo hubadilishwa.