Boriti Zilikwenda Wapi? Historia Fupi ya Mikoko Yetu



Kila mkutano wa mazingira ninaohudhuria huku ughaibuni, hakosekani wa kusema eti mikoko ya pwani yetu imemalizwa na wanakijiji wakata kuni. Kazi yangu ni kurudisha mikoko, mwaka wa ishirini na tano sasa, na historia ninayoijua inasema mengine.

Zitazameni nyumba kongwe za Lamu na Unguja. Vyumba ni vyembamba, upana kiasi cha mita 3, manake dari ilibebwa na boriti za mkoko na urefu wake ndio huo. Oman penyewe huota mchu tu, kwa hiyo majahazi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi yamesheheni boriti za Lamu na Rufiji. Wakataji walizipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wajerumani nao wakapeleka kwao magome ya kusindikia ngozi. Hiyo ni biashara ya dunia jamani, si kuni za kuchemshia uji! Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Gazi, kusini ya Mombasa, mikoko ilifyekwa miaka ya 1970 iwe kuni za viwanda. Kuanzia 1991 watafiti wa bahari wa Kenya na wanakijiji wakaanza kuipanda upya. Mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117, unaouza hewa ukaa. Fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule.

Lakini si kila upandaji ni urejeshaji. Mlilana husimama mbele, ukitazamana na bahari; mkoko hufuata nyuma yake. Wafadhili hupenda mkoko popote kwa sababu mche wake ni wa kuchomeka tu topeni. Nimeona miche ikipandwa mbele kabisa, picha zikapigwa, baada ya mwaka mmoja tope tupu. Mara nyingi inatosha kufungua mikondo ya maji iliyozibwa, mbegu zikaja zenyewe.

Elimu hiyo ya nani aote wapi wanayo wakataji wa zamani, wale wale wanaolaumiwa. Wengi wameshatangulia mbele ya haki. Basi mwenye babu au mjomba aliyekata boriti au kuzisafirisha, amuulize sasa na aandike. Tukichelewa, tutabaki na miche tusiyojua pa kuipanda.