Fimbo, Sheria na Rangi katika Elisabethville ya Wabelgiji

Katika miaka ya 1970, kuta za nyumba nyingi za Lubumbashi zilipambwa kwa picha ya aina moja. Mfungwa amelazwa chini kifudifudi. Askari Mwafrika anamchapa. Mtawala wa Kizungu amesimama akitazama. Miongoni mwa waliochora picha hiyo ni Tshibumba Kanda Matulu, naye aliiandika: Colonie Belge 1885–1959. Kisheria tarehe zote mbili ni kosa, kwani Ubelgiji iliitwaa Kongo mwaka 1908, na uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Makala haya yanapendekeza kwamba, zikisomwa kama historia ya adhabu, tarehe hizo zina maana.

Mji wa Elisabethville, ulioanzishwa mwaka 1910, uligawanywa kwa rangi, na sheria yake iligawanyika vivyo hivyo. Mzungu aliyeshtakiwa alisimama mbele ya hakimu aliyesomea sheria. Mwafrika mwenye kosa dogo alipelekwa katika mahakama ya polisi, ambako mtawala wa serikali ndiye aliyeketi kuhukumu. Aidha, chini ya amri ya mwaka 1922, mfanyakazi Mwafrika aliyevunja mkataba wa kazi aliweza kufungwa gerezani. Utoro kazini ukawa jinai kwa mtu mweusi.

Juu ya hayo kulikuwa na mjeledi wa ngozi ya kiboko, ambao wenyeji waliuita fimbo. Ulitumika tangu enzi za dola la Mfalme Léopold, wala Mzungu hakuchapwa. Idadi ya viboko ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi vinne mwaka 1951. Adhabu yenyewe ilifutwa mwaka 1959. Kabla ya hapo, mwaka 1948, serikali ilianzisha kadi ya sifa ya uraia, ambayo mwenye kuipata aliepushwa na fimbo. Ushahidi mkubwa wa ubaguzi umo katika msamaha huo: kutochapwa, ambako kwa Mzungu kulikuwa jambo la kuzaliwa nalo, kwa Mwafrika kulikuwa tunu ya kuombwa, kuchunguzwa na kuandikiwa cheti.

Wakati mwingine hata mahakama haikuhitajika. Mwezi Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari waliwafyatulia risasi wakaua makumi ya watu, akiwemo msemaji wao, Léonard Mpoyi.

Turejee kwenye picha. Mkono unaochapa ni wa Mwafrika. Kwa hiyo ubaguzi hauonekani katika mkono, bali katika swali la nani aliweza kulazwa chini na nani hakuweza kamwe. Hatudai kwamba mchoraji aliikusudia amri ya 1959. Hata hivyo, muda alioutaja unalingana na umri wa fimbo kuliko umri wa koloni la kwenye mikataba.

Hapa pana funzo kwa wanafunzi wetu. Kumbukumbu za mahakama, zilizoandikwa kwa Kifaransa, zinatueleza jinsi hukumu zilivyotolewa. Jinsi zilivyopokewa, hatuna budi kuitafuta kwingine: katika picha hizi, na katika maandishi kama historia ya mji iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha Elisabethville yenyewe. Historia ya sheria ya mji huu haitakamilika iwapo aliyechapwa hatasikilizwa kwa lugha yake.