Urathi wa Makundi ya Kufokafoka

Kanda ya kaseti, kwa wale ambao umri wao hauwaruhusu kuikumbuka, ilikuwa na matundu mawili yenye meno, na kijana aliyetaka kuzihurumia betri za redio yake alichomeka kalamu ya Bic katika tundu moja akaizungusha mpaka utepe ukarudi pale wimbo ulipoanzia. Kwa njia hiyo, mwaka 2000, mimi na wenzangu wawili tulikaa barazani siku tatu tukiunakili wimbo wa Chemsha Bongo wa kundi la Hard Blasters katika kaunta buku, mmoja akizungusha, mmoja akisikiliza, mmoja akiandika, na ubishi ukizuka kila neno lilipomezwa na mdundo. Hatukujua kuwa kazi ile ilikuwa na wazee wake katika pwani hii, yaani wale wanakili waliokuwa wakiziandika tenzi kwa hati za Kiarabu, usiku kucha kwa mwanga wa kandili, ili watu wa mbali wapate kuzisoma.

Naikumbuka baraza ile kila ninapowasikia watu wakishindanisha makundi ya muziki wa kufokafoka ya zama mbalimbali, wakiuliza lipi lilikuwa kubwa kuliko jingine, kisha wakaleta mezani hesabu ya kanda zilizouzwa, au tuzo, au, kwa siku hizi, idadi ya waliotazama picha za wimbo katika simu zao. Hesabu hizo zina manufaa yake, walakini zinapima soko la siku moja, na soko la mwaka 1995 halikuwa soko la mwaka 2020. Rai yangu ni kwamba urathi wa kundi hutafutwa vinywani mwa wale waliokuja baada yake: wamechukua nini, wakakitumia kama mali yao, hata wakasahau ni nani aliyekileta.

Na hilo la kusahau ndilo linalotulazimu kurudi nyuma kidogo kuliko redio na kaseti. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika miji ya pwani ngoma ya beni, iliyoiga gwaride na tarumbeta za Wazungu, ikaenea bara pamoja na askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na kila mji ukagawanyika katika vyama viwili vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kujibizana. Mashuhuri zaidi kati ya vyama hivyo vilikuwa Marini na Arinoti. Wakubwa wa vyama walipeana vyeo vya kijeshi, na mtu ambaye mchana alikuwa mpishi au mchukuzi, jioni alisimama mbele ya watu wake akiwa na cheo cha kuamrisha. Zikapita takriban miaka mia moja, na pale Temeke wakatokea vijana wawili wa kundi la kufokafoka la Gangwe Mobb, mmoja akijiita Inspekta Haroun na mwenzake Luteni Kalama. Sidai kwamba walimsoma mwanahistoria yeyote. Ninalosema ni kwamba mtindo huu wa kigeni, uliozaliwa Bronx kule New York mwaka 1973, ulipofika kwetu ulikuta nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye desturi ya kundi, mtaa, cheo na ushindani wa maneno.

Aliyetangulia kuingia katika nyumba hiyo hakuwa kundi bali mtu mmoja, Saleh Jabir, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichukua midundo ya Wamarekani akaitilia maneno ya Kiswahili. Lakini kundi lililoupa muziki huu fikra ni Kwanza Unit, lililozaliwa Dar es Salaam mwaka 1993 kwa kuungana makundi madogo, likiwa na watu kama Rhymson, KBC na marehemu D-Rob. Mtu akilipima kwa mauzo ataliona dogo, kwa sababu lilifanya kazi wakati ambapo studio zilikuwa chache mno, ambapo redio za watu binafsi ndiyo kwanza zilianza kuruhusiwa, Radio One ikisikika mwaka 1994, na albamu yao ya Kwanzanians ilitoka mwaka 1999, wakati vijana waliowafuata wamekwisha kuwapita mbio. Tena sehemu kubwa ya mashairi yao ya awali ilikuwa kwa Kiingereza, jambo ambalo wengi waliwalaumu nalo. Mimi siwalaumu. Katika siku ambazo mzazi aliyemwona mwanawe katika suruali pana alidhani kwamba amekwisha kuingia uhuni, wao walishika kwamba watu wa muziki huu ni taifa, wakaliita Kwanzania, lenye adabu yake, elimu yake na wajibu wake kwa Waafrika. Kila msanii wa Tanzania ambaye baadaye alisimama mbele ya watu akasema kwamba hip hop ni elimu, ametamka kauli ambayo Kwanza Unit waliilipia gharama, na aghalabu hakujua kwamba ameazima.

Hard Blasters, yaani Profesa Jay, Fanani na Big Willy, walileta kitu cha namna nyingine. Albamu yao ya Funga Kazi, ya mwaka 2000, haikuwa na falsafa ya taifa jipya. Ilikuwa na Kiswahili. Si Kiswahili cha kutafsiri maneno ya Wamarekani, bali kile cha mtu anayesimulia mkasa kijiweni, anayejua mahali pa kupumua, mahali pa kumtaja jirani na mahali pa kumwacha msikilizaji akining'inia. Mpaka hapo vina vilikuwa pambo la mwisho wa mstari; tangu hapo vikawa mifupa ya hadithi, kama vilivyokuwa kwa watunzi wa tenzi. Ndiyo maana sisi tulinakili. Hakuna aliyepata kutuambia tunakili. Maneno yenyewe yalidai kuandikwa. Na Profesa Jay alipotoka peke yake mwaka 2001 na wimbo wa Ndio Mzee, akiwaigiza wanasiasa na ahadi zao, aliuchukua usimulizi ule ule akaupeleka jukwaani kwa mheshimiwa, na mwaka 2015 wananchi wa Mikumi wakamchagua kuwa mbunge wao. Kwa upande wa lugha, basi, naliweka kundi hili mbele ya yote ya Tanzania, wala sioni lililolikaribia.

Baada yao mlango ulifunguka, na kila mji ukaingia na sauti yake. Kutoka Tanga walikuja Wagosi wa Kaya, Dr. John na Mkoloni, ambao hata jina lao walilichukua katika lugha za nyumbani kwao, wakaimba kwa lafudhi ambayo shuleni mtoto angechekwa nayo, na kwa lafudhi hiyo wakawasema wauguzi wanaowanyanyasa wagonjwa kwa namna ambayo gazeti lisingethubutu. Kutoka Arusha walikuja X Plastaz, waliouchanganya ufokaji na uimbaji wa Kimaasai, wakafika Ulaya na albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, kabla mwenzao Faza Nelly hajauawa mwaka 2006. Naukumbuka msiba ule kwa uchungu hata leo, maana sauti ile ilikuwa bado haijamaliza kusema.

Walakini nikilazimishwa kulitaja kundi moja lenye uzao mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki, nitavuka mpaka niende Nairobi, mtaa wa Dandora, uliopimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na ambao jina lake limekuja kujulikana zaidi kwa jaa kuu la taka lililo kando yake. Huko Kama, Johnny na Roba, waliojiita Kalamashaka, walitoa mwaka 1997 wimbo wa Tafsiri Hii, katika mji ambao redio zake za kisasa zilidhani kwamba kijana mwerevu husikiliza Kiingereza tu. Walisema kwa Kiswahili na Sheng, lugha ya makanga na wachuuzi, bila kuipaka sukari. Wangeweza kuishia hapo wakiwa mashuhuri. Badala yake waliifungua kambi yao kwa vijana wengine, wakaiita Mau Mau kwa kuwakumbuka wapiganaji wa msituni, na kambi hiyo ilipoungana na Ukoo Flani wa Mombasa likapatikana kundi la watu wengi hata kulihesabu ni tabu, lililotoa kazi kama Kilio cha Haki mwaka 2004. Hard Blasters waliacha mfano wa kuigwa. Kalamashaka waliacha watu. Hata Wakadinali, ambao vijana wa Nairobi wa leo wanawasikiliza kwa mapenzi makubwa, nikiwasikia nasikia Dandora ile ya mwaka 1997 ikipita chini ya sauti zao, ingawa mdundo umekwisha kubadilika.

Kuna pia urathi wa neno moja tu. Gidi Gidi Maji Maji wa Kenya waliliunda neno Unbwogable kwa kuoanisha Kijaluo na Kiingereza, kwa maana ya mtu asiyetishika, na katika uchaguzi wa Desemba 2002 umati wa muungano wa NARC uliliimba mpaka chama cha KANU kikatoka madarakani baada ya miaka takriban arobaini.

Siku hizi makundi ni haba. Fedha ya onyesho moja ikigawanywa kwa watu sita haimtoshi yeyote, na mfadhili hupenda jina moja kuliko sita. Hata TMK Wanaume, waliokuwa fahari ya Temeke nzima, waligawanyika pande mbili, Family na Halisi. Hivyo nafurahi kila ninapowaona Weusi wa Arusha, waliopatikana kwa makundi kuungana kama Kwanza Unit walivyoungana miaka ishirini kabla yao, wakidumu pamoja hata baada ya mwenzao Nikki wa Pili kuteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2021.

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye hajapata kumiliki muziki usiokaa ndani ya simu, aliikuta kanda yangu ya Funga Kazi katika sanduku la vitabu, akaomba kuisikia. Tukaitia katika redio ya zamani. Mwanzoni alitabasamu kwa kuusikia mdundo wa kale, kisha tabasamu likaondoka, akainamia spika, midomo yake ikaanza kufuata.

"Mjomba, hebu rudisha pale," akasema. "Kasema nini pale?"

Kitufe cha kurudishia kiliharibika miaka mingi iliyopita. Nikaitoa kanda, nikachukua kalamu iliyokuwa mezani, nikaanza kuzungusha.