Vikao vya kampuni za mitandao: vinaamua nini kwenye simu yako ya Ngara?

Kuna kitu huwa tunakipita tu kwenye tovuti za kampuni za simu na intaneti. Ni pale chini kabisa penye nembo kibao, "sisi ni wanachama wa" hiki na kile: GSMA, TISPA, 3GPP na kadhalika. Wengi wanaona ni mapambo, kama kalenda za ukutani dukani. Mimi nilivyofuatilia nimeona si mapambo hata kidogo, na sisi wa Ngara na Biharamulo yanatugusa kuliko watu wa Dar.

Vikao vyenyewe viko vya namna mbili. Kuna vya kupanga viwango, yaani mafundi wanakubaliana mitambo iongee vipi. 3GPP iliyoanza 1998 ndiyo inapanga viwango vya simu za 3G mpaka 5G. IEEE ilitoa kiwango cha kwanza cha Wi-Fi mwaka 1997. IETF, tangu 1986, inashughulika na intaneti yenyewe. Kampuni kama Huawei, Ericsson, Nokia na Cisco zinajaza wahandisi huko, na msidhani ni moyo wa kujitolea. Ukiwahi kuingiza ugunduzi wako ndani ya kiwango, atakayetengeneza kifaa kwa kiwango hicho anaweza kudaiwa akulipe. Ni biashara, jamani. Ila IETF ina uzuri wake: haina ada ya uanachama, kazi nyingi zinafanyika kwa barua pepe, hata kijana wa Rulenge mwenye bando anaweza kuchangia.

Mfano mnaoukumbuka wote: Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki. Bonyeza *#06# utaona namba ya IMEI. Mpangilio wa namba ile umo kwenye viwango vya 3GPP, na GSMA, ambacho ni chama cha kampuni za simu duniani, ndiyo inasimamia ugawaji wake kwa watengenezaji. Kwa hiyo simu iliyonunuliwa gulioni Biharamulo ilizimwa kwa kutumia utaratibu uliopangwa Ulaya miaka mingi kabla.

Namna ya pili ni vyama vya utetezi. Hapa kampuni zinazogombania wateja mchana zinakaa meza moja kuibana serikali, au kumbana mkubwa mwenzao. Kisa kizuri kiko kwa jirani zetu Kenya. Zamani barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ilipanda setilaiti, ikaenda Ulaya au Marekani, ndipo irudi. Gharama tupu! Watoa huduma wa intaneti, kupitia chama chao TESPOK, wakafungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, Novemba 2000. Hakikumaliza hata mwezi. Telkom Kenya ililalamika kwamba mawasiliano ya kimataifa ni haki yake peke yake, na msimamizi, CCK, akakifunga. Chama kikapambana, kikabadili hoja, kikapata leseni, na mwanzoni mwa 2002 kituo kikafunguliwa tena. Kampuni moja ndogo isingeweza kupigana vita ile peke yake. Huku Bongo TISPA ilianzisha kituo cha namna hiyo, TIX, Dar es Salaam mwaka 2004, na njia ilikuwa nyepesi zaidi kwa sababu wenzetu walishapigwa kwanza.

Lakini kikao kilichotusaidia zaidi sisi ni cha hela. Mnakumbuka mfanyabiashara wa maharage Nyakanazi alivyokuwa na laini tatu mfukoni? Ukimtumia hela mtu wa mtandao mwingine haikuingia kwenye akaunti yake, alipewa namba ya siri akahangaike kwa wakala. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana kanuni za kutumiana moja kwa moja, Benki Kuu ikiangalia. Vodacom, mwenye wateja wengi kuliko wote, akajiunga 2016. Angalieni hapo: mkubwa ndiye aliyechelewa. Kwa maoni yangu mkubwa siku zote hana haraka ya kukaa mezani, maana mteja asipoweza kutoka ni faida kwake.

Sasa tuje mpakani. Ngara ina vituo viwili, Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi, na mkongo wa taifa unapita huko kuunganishwa na nchi hizo. Lakini mawimbi ya simu hayajui mpaka wala pasipoti. Ukikaa karibu na mpaka simu inashika mnara wa ng'ambo, unakatwa kwa bei ya kigeni ukiwa umekaa kwenye mgomba wako mwenyewe. Mimi imenikuta, salio lote likaisha kwa kupokea simu ya shangazi! Bei inategemea mikataba kati ya kampuni na kampuni. Mnara upige wapi na kwa nguvu gani, hilo linapangwa na wasimamizi wa nchi jirani, na moja ya meza zake ni EACO, jumuiya ya mawasiliano ya Afrika Mashariki yenye makao Kigali. Wasimamizi wamo, kampuni nazo zimo.

Celtel ilijaribu kulikata tatizo kivyake Septemba 2006 kwa One Network: Kenya, Uganda na Tanzania, unaongea ng'ambo kama uko nyumbani. Watu wa Mutukula walishangilia. Rwanda na Burundi hazikuwemo, kwa hiyo Ngara tulibaki tunasoma magazetini.

Mteja naye ana mlango wake. Sheria ya TCRA ya 2003 iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kupeleka sauti ya mtumiaji kwa msimamizi. Kwa hiyo ukikatwa hela pale Kabanga, usiishie kulaumu kijana wa vocha. Andika tarehe, saa, mahali ulipokuwa na jina la mtandao lililotokea kwenye kioo, uanze kwa kampuni yako, wakikupuuza uende mbele.

Wa Kabanga, Rusumo na Murusagamba, wekeni kwenye maoni: simu yenu inaanza kushika mtandao wa ng'ambo mkiwa kijiji gani? Nataka tupange orodha, ipelekwe.