Kutoka Boriti za Lamu hadi Miche ya Gazi

Ukiingia nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu, tazama juu. Chumba ni chembamba kwa sababu fundi alikata upana wake kwa kipimo cha boriti ya mkoko, na dari ile ya mawe na chokaa ilihitaji mti mgumu. Miti hiyo hiyo ilivuka bahari. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi, yakasheheni Lamu na Rufiji, yakarudi na kusi. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alikuwamo katika jahazi la Kuwait lililopakia Rufiji. Wakataji waliita miti kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikauzwa kwa korija, ishirini ishirini.

Serikali ya kikoloni ya Kenya iliitangaza mikoko kuwa hifadhi yake mwaka 1932. Kenya huru ikapiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Amri zote zilitoka ofisini, na kwa maoni yangu ndiyo maana hazikutosha. Kule Gazi, Kwale, tayari miaka ya 1970 kuni za mikoko ziliishia kwenye matanuri ya chokaa na matofali, ingawa msitu ulikuwa na mwenyewe kwenye karatasi.

Mwaka 1991 taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ilianza majaribio ya kupanda upya hapo Gazi. Mche wa mkoko huchipua ukiwa bado juu ya mti mama, umechongoka kama mkuki. Unauchomeka topeni, basi. Wepesi huo umewaponza wengi. Ukiuchomeka mbele kabisa, mawimbi yataung'oa: pale ni pa mlilana, mkoko wenyewe hukaa nyuma yake, na mchu, nao wa jamii hiyo hiyo ya miti, huvumilia hata karibu na nchi kavu.

Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, ukawapa wanakijiji wa Gazi na Makongeni sauti na kipato. Wanatunza hekta 117, wanauza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na msitu huo, na fedha zinaingia kwenye maji na shule. Wamepanda pia mivinje, kwa sababu jiko halingojei msitu ukue. Wanakijiji wa Vanga nao wamefuata njia hiyo.

Kwa hiyo ninyi mnaokuja na fulana na kamera kupanda miche elfu kwa asubuhi moja, waulizeni kwanza wavuvi maji yanafika wapi, na nani atairudia miche hiyo mwakani.