Pangaboi, Feni na Kichakataji: Historia Fupi ya Istilahi za Ndani ya Kompyuta

Aghalabu kifaa hutangulia na jina likafuata. Kwa upande wa kompyuta, safari ya jina nchini mwetu ilikuwa ndefu zaidi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku. Baraza, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa likisanifu istilahi za fani nyingi katika miaka hiyo, lakini kompyuta ilikuwa nadra kuonekana, seuze kufunguliwa. Hata baadaye mjadala ulielemea jina la mashine nzima: kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tafsiri ya programu iliyotolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice nayo ilihusu maneno ya kwenye kioo. Viungo vya ndani viliachiwa mafundi.

Tuchukue viungo viwili. Kwanza ni kichakataji, ambacho mafundi wengi hukiita prosesa. Kitenzi chakata kilitumika shambani na kiwandani, kama katika kuchakata mkonge. Kisha kikahamishiwa kwenye taarifa. Uhamisho huu unafaa, kwa kuwa mwananchi anajua kwamba kinachochakatwa huingia kikiwa ghafi na kutoka kikiwa na manufaa.

Pili ni feni. Lugha yetu ilikwisha kuwa na pangaboi, neno lenye asili ya Bara Hindi. Pankha kwa Kihindi ni kipepeo cha kupungia hewa. Wakati wa ukoloni kipepeo cha kitambaa kilitundikwa darini, na mtumishi akakivuta kwa kamba. Waingereza wakamwita kwa jina la kipepeo pamoja na neno lao la mtoto wa kiume. Kwetu jina la mtumishi likabaki kwa mashine iliyochukua kazi yake.

Kichakataji cha kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 hakikuhitaji feni yake chenyewe. Tangu miaka ya 1990 joto liliongezeka, na feni ikawa kitu cha kawaida. Ndipo maelezo ya ufungaji yakahitaji lugha iliyo wazi. Alama ya pembeni mwa kichakataji hulinganishwa na alama ya soketi iliyo kwenye ubao mama. Hakishindiliwi kwa nguvu. Juu yake hupakwa tabaka jembamba la pesti ya kupitisha joto, kisha huwekwa bamba la chuma lenye feni, na waya wa feni huchomekwa kwenye ubao mama kabla umeme haujawashwa.

Hapa istilahi mbaya huleta hasara. Tukiiita pesti hiyo gundi, fundi atadhani kazi yake ni kunatisha, naye ataipaka kwa wingi, ilhali kazi yake ni kuziba mianya ya hewa ili joto lipite. Tukisema pangaboi, wengi watafikiria lile la darini.

Tufikirie fundi wa Nyamiaga, wilayani Ngara. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake, na kichakataji kilichoungua hakipatikani jirani. Nyumbani huenda anasema Kihangaza. Ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, mwenzake amesoma kwa Kifaransa. Kiswahili ndicho kinachoweza kuwakutanisha mezani, iwapo maneno yake hayatawapoteza.

Kwa hiyo tunaonelea feni, soketi na pesti yaachwe kama yanavyotumiwa na mafundi, kichakataji kiendelee kufundishwa sambamba na prosesa, na pangaboi libaki darini pamoja na historia yake. Hapana budi kila istilahi mpya ya fani hii ipelekwe kwanza kwenye meza ya fundi kabla ya kupigwa muhuri wa usanifu.