Tumbili wa Gitaru na Ndoto ya Nyuklia

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando tuzungumze stima. Bila stima sisi watu wa kompyuta hapa Gakindu tutarudi kuchuma kahawa, na wazee hawatatuonea huruma.

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma. KenGen wenyewe ndio waliotangaza, tena wakaongeza kuwa vituo vyao vina ua wa stima wa kuzuia wanyama! Tumbili alipona. Kenya nzima ikaingia gizani.

Gitaru iko mto Tana, yanakoteremkia maji yetu ya Aberdare na Mlima Kenya. Ilianza kazi mwaka 1978, na mtambo wa tatu ulipoongezwa 1999 ikafika megawati 225. Siku ile zilipotea megawati 180 na kidogo, wakati matumizi ya nchi saa za kilele yalikuwa 1,600 hivi. Mitambo mingine ikabebeshwa mzigo, ikalemewa, ikajizima. Anayetunza seva anaujua mchezo huu: moja ikianguka, wateja wake wanahamia zilizobaki, nazo zinaanguka.

Wakati huo serikali ilikuwa tayari inaitafuta nyuklia. Kamati iliundwa 2010, ikawa bodi 2012, na Sheria ya Kawi ya 2019 ikaleta wakala wa NuPEA. Ukubwa uliotajwa sana ni megawati 1,000. Mwaka wa kuanza ulitajwa 2027, kisha 2034. Mahali pia pamehama: Uyombo huko Kilifi, ambako wananchi waliandamana 2024, halafu macho yakageukia Siaya. Watu wa Uyombo wana haki ya kuuliza kuhusu bahari yao. Mimi swali langu ni la hesabu tu.

Wahandisi hushauri mtambo mmoja usizidi asilimia 10 hivi ya gridi. Mwaka 2025 kilele chetu kilipita megawati 2,300. Asilimia 10 ni 230. Afrika Kusini ilipoanza kuwasha Koeberg mwaka 1984, vinu viwili vya megawati zaidi ya 900 kila kimoja, gridi yake ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko yetu ya leo.

Halafu nyuklia ina deni ambalo bwawa halina. Gitaru ukifunga maji, mtambo unatulia. Kinu cha nyuklia ukikizima, fueli yake inaendelea kutoa joto, mwanzoni asilimia 6 au 7 ya joto la kawaida. Kwa kinu cha megawati 1,000 za stima, hizo ni karibu megawati 200 za joto, kuliko hata alizoangusha tumbili. Lazima pampu za maji ziendelee, na pampu zinataka stima ya gridi au jenereta. Kule Fukushima Daiichi, 11 Machi 2011, tetemeko lilikata laini za nje, tsunami ikazamisha jenereta, na fueli ya vinu vitatu ikayeyuka.

Sisi tulizimikiwa tena nchi nzima 25 Agosti 2023. Pale JKIA jenereta ya sehemu ya uwanja ilikataa kuwaka, waziri akaomba radhi.

Kweli, laini ya Ethiopia iliyoanza kazi 2022 imetupa nguvu, na gridi huenda ikakua kabla ya 2034. Vinu vidogo, vya megawati 300 kushuka chini, vingetutosha vizuri zaidi, ila vingi bado viko kwenye michoro.